Mashimo Ishirini Katika Meno ya Ng'ombe

Chome, Same
20 Januari 2002

Ombeni mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku ni wazima, kila mtu kwa kiasi chake. Mama yako anasumbuliwa na goti, lakini si goti la kumzuia kwenda kusengenya kwa Mama Ghati, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mvua za vuli zilichelewa, maharage yametoka machache. Mzee Sebastian, yule aliyekuwa akikukimbiza kwenye mapera yake, tulimzika kabla ya Krismasi. Aliulizia habari zako mpaka mwisho. Mapera hakuyataja.

Mwandiko huu si wangu. Miwani yangu imevunjika, kwa hiyo mimi nasema na Edna anaandika. Edna ni muuguzi wetu mpya, mtu mzima, mama wa watoto wawili. Anaandika kwa mkono wa kushoto na wino unampaka kiganja chote, basi ukiona madoa usidhani ni machozi.

Sasa neno lenyewe. Unaijua mashine yangu ya kutobolea meno, ile ya kukanyaga walioiacha wamisionari. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, kamba inapanda juu ya mkono wa chuma na kushuka hadi kwenye kishikio, nacho kinazungusha biti, ile ncha ya kutobolea. Kishikio hicho kinatetemeka. Kimeanza mwezi wa tisa, na tangu Desemba siwezi kuziba jino hata moja, maana jino la kuziba linataka biti itulie. Ninang'oa tu. Wiki iliyopita nimemng'oa binti wa miaka kumi na miwili jino lenye tundu dogo kuliko punje ya mtama. Lilikuwa jino la kuishi naye mpaka uzeeni. Hilo linaniuma, sikufichi.

Wewe unatengeneza vishikio vya Wamarekani. Tengeneza na changu. Nimempa Anatoli wa Mzee Kihara, yule dereva wa ubalozini huko kwenu, yuko likizo hapa. Usiniulize maswali mengi. Pima, rekebisha, rudisha.

Shangazi yako,
Vumilia

*

Bladensburg, Maryland
17 Machi 2002

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako na kishikio vimefika. Mimi ni mzima, kazi ipo, baridi inaelekea kuisha. Pole kwa Mzee Sebastian. Mwambie mama goti lifungwe kwa bandeji, asipake mafuta ya taa.

Anatoli alikaa saa mbili na nusu pale uwanja wa ndege wa Dulles kwa sababu yako. Tangu mashambulizi ya Septemba, mtu mwenye kipande cha chuma kirefu kilichofungwa kwenye kitenge hapiti hivi hivi. Anasema afisa alikigeuza-geuza akamwuliza ni nini. "Nikamwambia, it's for teeth, bwana! Akaniangalia mdomoni." Wakaja watatu, wa tatu ni mama mtu mzima, akacheka akasema babu yake alitobolewa na kitu kama hicho. Ndipo wakamwachia.

Nimekifungua karakanani. Naomba nikueleze nilichokiona, maana ni kazi nzuri ya mtu ambaye sasa yuko kaburini miaka mingi. Ni bomba la shaba lenye vipande viwili. Ndani kuna mtaimbo mwembamba wa chuma unaozunguka kwenye matundu matupu, hakuna beringi, hakuna chochote zaidi ya mafuta. Biti inashikwa na ulimi wa springi. Matundu yamelika kwa sehemu tatu za mia za milimita. Kwa vishikio vya kwetu, vinavyozunguka mara laki tatu kwa dakika, hiyo ni kufa. Kwa chako, ambacho hata ukikanyaga kama unakimbizwa na nyuki hakifiki elfu mbili, si kitu cha kusumbua. Nilishangaa kidogo. Lakini umesema kinatetemeka, basi kinatetemeka.

Kwa hiyo nimekutengenezea kipya. Nimekereza bomba la chuma kisichoshika kutu, jembamba zaidi ili vidole visichoke, na ndani nimetia beringi ndogo nne ambazo huku tunazitumia kila siku. Ulimi wa springi nimeuondoa, sasa unakaza biti kwa kuzungusha pete. Imenichukua Jumamosi tano. Akinyi, dada Mkenya wa mapokezi, alikuwa akipita kila mara. "Ombeni, hii kitu ni ya kazi ama ni ya museum? Boss ana-ask." Nikamwambia ni ya shangazi. "Basi maliza haraka, shangazi hawangojangi."

Anakuletea Serah wa kanisani kwetu, anakwenda Moshi kumwona mama yake wakati wa Pasaka. Kijaribu, uniambie.

Wako,
Ombeni

*

Chome
5 Mei 2002

Ombeni,

Marahaba. Mungu ni mwema. Goti la mama yako limepona, sasa ni jino, lakini kwangu haji kwa sababu anajua nitamwambia nini kuhusu sukari guru. Kanisa limepakwa rangi. Wamechagua ya njano na hakuna anayekiri kwamba alikuwa kwenye kamati.

Kishikio nimekipokea, ni kizuri mno. Kila anayekiona anakisifia. Mchungaji alikishika akasema chuma hiki ni kama kioo. Kwa sasa kimepumzika kabatini.

Huyo Serah ameolewa? Anatabasamu vizuri. Au kuna mwingine? Mwaka wa tisa huu uko huko, na kwenye barua zako nasoma habari za beringi tu.

Edna anakusalimu. Bado ananiandikia, miwani hakuna.

Shangazi

*

Bladensburg
8 Juni 2002

Shangazi,

Shikamoo. Ni mzima. Serah ameolewa.

Barua yako ya Mei nimeisoma mara tatu. Kishikio hakipumziki, Shangazi. Mtu anapumzika. Kishikio kinafanya kazi au hakifanyi. Ukiniambia Mchungaji amekisifia, nami sijui kama kimetoboa hata jino moja, siwezi kusahihisha kitu. Nieleze kilichotokea kwa mpangilio: ulikitumia lini, mara ngapi, kilikufanya nini.

Nimekununulia miwani ya kusomea, jozi mbili, nguvu mbili tofauti. Anatoli ana mtu anayesafiri wiki hii.

Ombeni

*

Chome
30 Juni 2002

Ombeni,

Marahaba, bwana mkubwa.

Miwani nimeipata, ile ya pili inanifaa. Huku kila kitu kiko kama ulivyokiacha, isipokuwa baridi ambayo imezidi. Ukungu haujaondoka siku nne.

Umetaka kwa mpangilio, haya. Kishikio chako kilifika Jumatano baada ya Pasaka. Alhamisi, kabla ya kukitia kinywani mwa mtu, nilikichemsha. Hapa kila kinachoingia kinywani kinachemshwa dakika ishirini kwenye sufuria kubwa, kwa mkaa, hivyo ndivyo nilivyofundishwa mwaka sitini na saba na ndivyo ninavyomfundisha Edna. Kile cha wamisionari kimechemshwa miaka zaidi ya hamsini. Chako nilikichemsha Alhamisi, nikakichemsha Ijumaa, Jumatatu kikaanza kulia kama mlango wa ghala. Jumanne kikakataa kuzunguka kabisa. Edna alikichungulia akaona maji mekundu yanatoka.

Sikutaka kukwambia. Ulifanya kazi Jumamosi tano. Mtoto akikuletea uji wenye chumvi unakunywa.

Lakini nikuulize na mimi. Ulikulia nyumbani kwangu likizo zote, ukilala chumba kilichopakana na jiko la kituo. Sufuria ile hukuwahi kuiona?

Vumilia

*

Bladensburg
28 Julai 2002

Shangazi,

Shikamoo. Niliiona. Nilikuwa nikitumwa kuchochea mkaa chini yake. Nimesahau, na nimeona haya. Huku vishikio vinapakwa mafuta maalumu na kuingizwa kwenye mashine ya mvuke iliyopimwa, nami miaka yote hii nimekuwa nikitengenezea mashine hiyo, wala si watu. Beringi zile zilikuwa ujinga wangu. Nilirekebisha kitu ambacho hakikuwa na kosa, nikakitia kosa.

Adela, mwanafunzi wa chuo hapa, anakwenda kwao Moshi likizo. Anakuletea cha pili. Hiki hakina beringi. Kina bushi mbili za shaba tu, yaani vibomba vifupi vya kushikilia mtaimbo, kama alivyofanya yule fundi wa zamani, ila nimezifanya ndefu zaidi ili mtaimbo usicheze, na zinatoka kwa kuvuta. Kishikio kizima kinafunguka vipande vitatu bila bisibisi. Vichemshe unavyotaka, vikauke, tia tone moja la mafuta ya cherehani, funga. Bomba nimelirudishia unene wa zamani. Pete ya kukazia biti nimeiacha, maana hiyo ni nzuri, hata wewe utakubali. Nimekizungusha hapa kwa kasi ya kanyagio lako nikakipima kwenye ncha. Hakitetemeki kwa kiasi ambacho chombo changu kinaweza kuona.

Nina ombi. Kishikio kikirudishwa karakanani mara ya pili na lalamiko lile lile, tuna desturi ya kubadilisha mtu. Kama alikijaribu fundi mmoja, mara ya pili anakijaribu mwingine. Basi, chukua meno ya ng'ombe kwa mchinjaji, yachemshe, yasimamishe kwenye plasta. Toboa mashimo kumi wewe mwenyewe, biti ileile, kina cha milimita tatu. Halafu Edna atoboe kumi. Andika pembeni ni ya nani. Mpe Adela akirudi mwisho wa Agosti. Nitayapima, tutajua kama kuna kitu kimebaki.

Umeuliza kama kuna mwingine. Yuko mtu anaitwa Nia. Ni Mmarekani Mweusi, anasafisha meno kwenye kliniki moja ya mji wa Columbia hapa Maryland, ndiye anayetuletea vishikio vyao. Kiswahili amejifunza chuoni. Anazungumza kama taarifa ya habari. Alipokiona hiki cha pili mezani aliniuliza, "Je, shangazi yako ana umri gani? Na mikono yake ina afya njema?" Nikamjibu kwamba mikono ya shangazi yangu imeziba meno ya tarafa nzima. Akasema, "Hilo silo swali nililouliza." Ndivyo alivyo.

Ombeni

*

Chome
22 Agosti 2002

Ombeni,

Marahaba. Tu wazima. Mama yako amekubali jino ling'olewe, Edna amemng'oa, hakulia sana.

Meno haya hapa, mashimo ishirini, kumi yangu na kumi ya Edna, yameandikwa. Kishikio kimechemshwa mara sita, hakina kutu. Kinazunguka vizuri. Lakini bado kinatetemeka. Labda kamba. Labda gurudumu. Tazama utakavyoona.

Msalimie huyo Nia. Anajua kupika makande?

Vumilia

*

Bladensburg
20 Oktoba 2002

Shangazi,

Shikamoo. Hii ninakuomba uisome mwenyewe. Edna, kama ni wewe unayemfungulia, tafadhali mpe mkononi. Miwani anayo.

Sisi ni wazima. Kwa wiki tatu sasa kuna mtu huku anapiga watu risasi kutoka mafichoni, kwenye vituo vya mafuta na maegesho ya maduka, katika vitongoji vyote vya jiji. Hajakamatwa. Watu wanajaza mafuta wameinama nyuma ya gari. Mimi najaza Jumatatu asubuhi, nikiwa na haraka. Usimwambie mama.

Adela aliyafikisha meno yako. Wakaguzi wa mizigo walimwuliza ni meno ya nani, akasema ya ng'ombe, ni homework. Wakampitisha. Yamekaa mezani kwangu tangu Septemba. Niliyapima siku ile ile nilipoyapata, na kuanzia siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kuandika. Namna nzuri sikuipata. Naandika kama ripoti, maana ndicho ninachokijua.

Moja. Mashimo yote ishirini ni ya duara. Lililo dogo na lililo kubwa kuliko yote yanapishana kwa sehemu mbili za mia za milimita. Kishikio kinachotetemeka kinachimba shimo pana kuliko biti yake. Haya ni sawa na biti. Kwa hiyo kishikio hakitetemeki, wala kamba, wala gurudumu.

Mbili. Mtu akitoboa ameketi mbele ya jino, shimo linalala kidogo kuelekea upande wa mkono wake. Halionekani kwa macho, lakini ukisimamisha sindano ndani yake unaliona. Mashimo yote ishirini yamelala upande wa kushoto. Edna ni wa kushoto. Wewe ni wa kulia. Mashimo kumi yaliyoandikwa "Vumilia" ametoboa Edna.

Tatu. Miwani ilivunjika Januari. Juni ulipata mingine, ukasema inakufaa. Barua za baada ya hapo bado zina madoa ya wino ya Edna.

Nia alizitazama barua zako na meno yako nikiwa nimesimama pale. Sikumwomba. Akasema, "Anaficha kalamu na anaficha biti. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamwambia asiniletee methali za darasani nikiwa kazini. Aliondoka na hajaleta kishikio wiki mbili, anamtuma mwenzake.

Si chombo, Shangazi. Ni mkono wako. Nimekutengenezea vishikio viwili kwa kitu ambacho hakihitaji kishikio, na ulijua, ukaniacha nikereze. Nimekasirika, nakwambia wazi. Nimekasirika na ninaogopa, na kati ya hayo mawili sijui lipi kubwa. Niambie kilichotokea mwezi wa tisa.

Ombeni

*

Chome
12 Januari 2003

Ombeni mwanangu,

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Imenichukua tangu Alhamisi. Ukiona herufi zinapanda mlima na kushuka, hizo ndizo zilizokuwa zikifichwa, na madoa safari hii ni yangu. Heri ya mwaka mpya. Mama yako ni mzima. Tulisikia redioni kwamba yule mpigaji amekamatwa. Mama yako ndiye aliyenieleza, kwa hiyo habari alikuwa nazo, jaza mafuta kwa utulivu.

Barua yako ilifika katikati ya Novemba. Nimekaa nayo. Utanisamehe kwa kukaa kwangu, kama mimi ninavyokusamehe kwa sindano yako.

Mwezi wa tisa wa mwaka juzi alikuja Mwalimu Rosemary, yule wa kwaya, jino la chini la kushoto. Nilikuwa nimeshatoboa nusu. Mkono ukaruka. Biti ikamchana chini ya ulimi. Damu ilikuwa nyingi, nikaizuia kwa pamba na chumvi, nikamshona nyuzi mbili, na hata kushona Edna ndiye aliyenishikia kiganja. Rosemary alipoweza kusema akauliza nini kimetokea. Nikamwambia mashine imechakaa, kishikio kinatetemeka. Akaniamini. Nilipoona ameamini, na mimi nikaamini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikukudanganya wewe kwanza. Wewe ulikuwa wa tatu.

Novemba ya mwaka huo huo nilishuka Same kwa daktari. Akaniambia nitembee, niguse pua, nichore mviringo. Mviringo haukufunga. Aliandika jina la ugonjwa kwenye karatasi akasema hautapona, utaongezeka polepole, na dawa zipo za kuupunguza mwendo. Ile karatasi niliitia ndani ya Biblia, nikarudi nyumbani nikamwita Edna tukaanza kukuandikia. Nilitaka chuma kiwe na kosa. Chuma unaweza kukituma Amerika kikarudi kizima.

Miaka thelathini nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu, mchagua jembe si mkulima. Walikuwa wakiniogopa kwa maneno hayo. Nimekumbuka hilo nikacheka peke yangu, kicheko ambacho hakikunipendeza.

Nikaogopa, Ombeni. Kufa sikuogopa. Niliogopa asubuhi. Tangu nina miaka ishirini na mbili nimeamka nikijua naenda kukaa kwenye kiti kile, na mtu ananijia kashika shavu, na akitoka ameliachia. Sikujua mtu anaamka kufanya nini bila hilo. Kwa ajili ya kuogopa kwangu watu wamepoteza meno mwaka mzima, meno mazuri, nimeyang'oa kwa sababu kung'oa hakutaki utulivu, kunataka nguvu tu. Nimeyahesabu kwenye daftari la kituo. Hesabu hiyo sikuandikii.

Sasa kilichofanyika baada ya barua yako. Nilimwita Edna nikamwambia nimejulikana. Akalia, maana alikuwa amechoka kuandika uongo wa mtu mwingine kwa mkono wake mwenyewe. Desemba tukaanza mazoezi, meno ya ng'ombe mpaka mchinjaji akauliza tunafuga mizimu gani. Mkono wa Edna ni mtulivu, wewe mwenyewe umeupima. Lakini ana kasoro moja. Hawezi kukanyaga na kutoboa kwa pamoja. Mguu ukienda haraka na mkono unakwenda haraka, mguu ukisimama na mkono unasimama. Mimi nilifundishwa nikiwa kijana, sikumbuki jinsi ya kutokuweza. Wiki mbili tulihangaika. Na mashine yenyewe inaelekea kulia, anatoboa amejipinda kama anachungulia chini ya kitanda.

Jumatatu iliyopita nilivuta kigoda nikakaa upande wa pili wa gurudumu, nikaweka mguu wangu kwenye kanyagio. Daktari aliniambia ugonjwa umeanzia mkono wa kulia. Miguu hajaigusa, na mguu ukipewa mwendo wa kufuata unaufuata. Nilipeleka gurudumu taratibu, Edna akasema ongeza, nikaongeza, akasema papo hapo, nikashika papo hapo. Kilikuwa kimya kabisa, kishikio chako. Ndipo nilipokisikia kwa mara ya kwanza jinsi kilivyo kizuri.

Basi hii ndiyo kazi ninayokupa, na safari hii nakupa vipimo vya kweli. Kishikio usikiguse. Ninataka ule mkono wa chuma unaobeba kamba ugeuke kushoto, na uwe mrefu. Kutoka gurudumuni hadi bega la Edna ni khanga moja na robo, nimepima mara tatu. Kamba iwe ndefu kiasi hicho na isilegee kwenye kona. Kanyagio liwe pana, mguu usiteleze, na liwe na pahali pa kuegemeza kisigino, maana baada ya miaka nitapahitaji. Mbele ya kigoda weka chuma cha kushika kwa mikono miwili. Mikono ikiwa na kitu cha kushika inatulia kidogo. Kila kitu kichemke, isipokuwa mimi.

Na huyo Nia, mweleze kwamba mwenye maradhi amesema alikuwa sahihi. Mwambie mwenyewe, usimtume mtu. Mtu anayekujibu "hilo silo swali nililouliza" ni wa kukaa naye karibu.

Jana alikuja Rosemary. Sikumwita, alisikia Edna anaziba. Jino lile la nusu lilikuwa limeoza upande, lakini mzizi ulikuwa hai. Kabla hajafungua kinywa nilimwambia kwamba mashine haikuwa na kosa siku ile, ilikuwa ni mimi, na kwamba nilimdanganya. Aliniangalia. Akamwangalia Edna. Akauliza leo anatoboa nani, nikasema Edna. Akauliza na wewe je, nikasema mimi ninakanyaga. Akalala kwenye kiti akafungua kinywa.

Ilichukua dakika arobaini. Ni jino la kwanza kuzibwa hapa baada ya mwaka na zaidi. Nimekanyaga mwenyewe, Ombeni, mwanzo hadi mwisho, na gurudumu halikusita hata mara moja. Leo asubuhi wamekuja watatu.

Shangazi yako,
Vumilia